Maswali ya Wasomaji: Benki iliyozaliwa Dar, ikakulia Nairobi, ikarudi na jina jingine

Toleo lililopita tuligusia mistari miwili mitatu tu kuhusu mabenki kuungana, tukadhani imeisha. Kumbe ndo kwanza. Meseji zimeingia mpaka msichana wa mapokezi kaanza kuninunia, na nyingi zinauliza kuhusu NCBA, ile benki ya Kenya iliyotokana na Commercial Bank of Africa (CBA) na NIC kuungana 2019, wengine wakiwa na akaunti huko, wengine wana ubishi wa kijiweni wanataka refa. Nimechagua yale yanayobeba maswali ya wengi, mengine yamefanana kiasi kwamba nimeyaunga (samahani kwa utani).

Mwandishi, mwanangu, habari za kazi. Naona mnaandika NCBA ni benki ya Kenya. Mimi miaka ya sitini nilikuwa karani bandarini Dar es Salaam na nakumbuka vizuri Commercial Bank of Africa ilikuwa pale pale mjini. Nikiwaambia wajukuu wananicheka eti babu anachanganya mafaili. Nisaidie. – Mstaafu, Tanga

Shikamoo mzee wangu. Hao wajukuu waje wakuombe radhi, wewe uko sawa kabisa.

Commercial Bank of Africa, ile ambayo wengi tuliijua kama CBA, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1962, yaani Tanganyika haijamaliza hata mwaka vizuri tangu ipate uhuru. Walioianzisha walikuwa ni kampuni ya kifedha yenye makao Uswisi ambayo nyuma yake kulikuwa na mabenki makubwa ya nje kama Bank of America na Commerzbank ya Ujerumani. Ukiangalia ramani ya wakati ule utaelewa walichokuwa wanakipigia hesabu: nchi tatu jirani, zote zinatoka mikononi mwa Mwingereza, biashara zinavuka mipaka, na bado zote zilikuwa zinatumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo makao makuu Dar, matawi Nairobi na Mombasa, baadaye Kampala. Benki ya kanda tangu siku ya kwanza, si kitu kilichokuja juzi na matangazo ya kwenye barabara.

Kilichobadilisha kila kitu ni Februari 1967. Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5, na kesho yake tu Mwalimu Nyerere akatangaza mabenki binafsi yanataifishwa. Barclays, Standard, National and Grindlays, wote wakachukuliwa, na CBA nayo ikachukuliwa sehemu yake ya Tanzania, zote zikatupwa kwenye chombo kimoja kipya, National Bank of Commerce, hii NBC. Sasa wale wenye CBA wakabaki na matawi ya nje ya Tanzania lakini hawana nyumbani, ikabidi mwaka huohuo waisajili upya Kenya. Ndo ikawa benki ya Nairobi mpaka leo. Kwa hiyo mzee ukiniuliza mimi nitasema kitu ambacho hakisemwi sana: kipande cha CBA ya kwanza kimo ndani ya NBC, na kipande kingine ndo kimekuwa NCBA. Wajukuu wakibisha tena wape hili gazeti.

Baadaye, mwaka 1980, Bank of America ikanunua sehemu kubwa ya hisa, halafu taratibu ikajitoa na hisa zikaingia mikononi mwa Wakenya, ikiwemo familia ya Kenyatta. CBA ikawa benki fulani ya kimyakimya, ya makampuni, mashirika na watu wenye uwezo, matawi machache, mtu wa kawaida anapita nje tu.

Niaje. Hiyo CBA nimeiskia sana lakini NIC je? Mi najua tu ilikua inapea watu mikopo ya magari, jamaa yangu alichukua lori kwao akaendesha miaka mingi. Ilikua bank kweli ama kampuni ya mikopo? – Dereva, Kisumu

Poa sana kaka. Swali lako zuri kuliko unavyodhani, maana jibu ni zote mbili, inategemea unaongelea mwaka gani.

NIC ilianza Nairobi 1959 ikiitwa National Industrial Credit, mtoto wa Standard Bank na kampuni moja ya Uingereza iliyoitwa Mercantile Credit. Kazi yake haikuwa kupokea mishahara ya watu na kutoa vitabu vya hundi, kazi ilikuwa moja tu: unataka gari, lori, trekta, mashine, wao wanatoa hela unalipa kidogokidogo, na mpaka umalize kadi ya gari iko kwao. Mwaka 1971 hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Nairobi (shika hii ya soko la hisa, tutaihitaji chini). Barclays ya Kenya ikawa mwenye hisa mkubwa kwa muda, kisha miaka ya tisini ikauza, na aliyeingia kwa nguvu ni First Chartered Securities, kampuni ya familia ya Philip Ndegwa, yule aliyewahi kuwa gavana wa Benki Kuu ya Kenya miaka ya themanini.

Miaka hiyohiyo ya tisini ndo ikageuka benki kamili, na 1997 ikaungana na African Mercantile Banking Company, wenyewe walikuwa wanaiita AMBank. Jina la NIC Bank lenyewe lilikuja 2005. Halafu ikaanza kutoka nje: 2009 ikanunua asilimia 51 ya Savings and Finance ya Dar es Salaam ikawa NIC Tanzania, na 2012 ikafungua Kampala, ambako haikuitwa NIC bali NC Bank. Ila hata ilipokuwa benki kamili ile tabia ya magari haikuisha, jamaa yako na lori lake ni mmoja wa maelfu.

Mwandishi mimi nasoma uhasibu chuo, tumebishana darasani mpaka mwalimu katoka. Wengine wanasema NIC ilinunua CBA, wengine CBA ndo ilinunua NIC, wengine wanasema hakuna aliyenunua ni muungano wa usawa. Kwenye magazeti wameandika "kuungana" tu. Nani kammeza nani? – Mwanafunzi, Morogoro

Mwalimu katoka kwa sababu anajua hili swali lina majibu matatu na yote yana ushahidi, haha.

Anza na karatasi. Mazungumzo yalitangazwa Desemba 2018. Mpango ulikuwa hivi: CBA ilikuwa kampuni binafsi, haiko sokoni, NIC iko sokoni tangu 1971. Hakuna aliyetoa begi la hela. Kilichofanyika ni kubadilishana hisa, NIC Group ikatoa hisa mpya ikawapa wenye CBA, na wao wakasalimisha hisa zao za CBA. Ukimaliza hapo, kampuni iliyobaki imesimama sokoni ni ileile NIC Group, imebadilishwa jina tu ikawa NCBA Group. Kwa mtu wa sheria basi, NIC ndo iliyonunua. Wale wa kundi la kwanza wana pointi.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana wewe ni mhasibu. NIC ilikuwa na karibu hisa milioni 704. Hisa mpya walizopewa wenye CBA zilikuwa karibu milioni 794. Jumlisha upate karibu bilioni 1.5, kisha gawanya: wa CBA wanapata asilimia 53, wa NIC wanabaki na 47. Yaani "aliyenunuliwa" ndo ametoka na zaidi ya nusu ya nyumba! Kundi la pili nao wana pointi, tena kubwa, kwa sababu kwenye kampuni mwenye zaidi ya nusu ndo mwenye neno la mwisho siku ya kura.

Mwenye hisa 1,000 za NIC hakunyang'anywa hata moja, alilala nazo 1,000 akaamka nazo 1,000 zikiwa na jina jipya, ila sehemu yake kwenye kampuni imepungua kwa sababu kampuni imekuwa kubwa zaidi ya mara mbili. Kama faida ya pamoja ni nzuri, hajapoteza kitu. Kama upande wa pili umekuja na mikopo mibovu, amepoteza bila mtu kumgusa mfukoni. Ndo maana kwenye muungano wa hisa kwa hisa kazi yote ngumu iko kwenye kukadiria kila upande una thamani gani KABLA ya kuungana, hiyo 53 kwa 47 ilibishaniwa ndani ya vyumba ambavyo mimi na wewe hatukualikwa.

Na viti? Bosi wa NCBA Group nzima akawa John Gachora aliyetoka NIC, mwenyekiti wa bodi James Ndegwa, naye wa NIC. Isaac Awuondo aliyeiongoza CBA miaka mingi akawa mwenyekiti wa benki ya Kenya. Kwa hiyo hisa nyingi CBA, usukani NIC. Mimi nikilazimishwa kuchagua nasema wale wa kundi la tatu wanakaribia ukweli, si kwa sababu ya ile lugha tamu ya matangazo, ila kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hawezi kukipata haraka.

CBA alikuwa na nini? Simu. Novemba 2012 alianzisha M-Shwari na Safaricom, unaweka akiba na unakopa ndani ya M-Pesa bila kuona sura ya mtu, unalipa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Benki ya matajiri yenye matawi ya kuhesabu ghafla ikawa na wateja mamilioni, wauza mboga, makonda, wanafunzi. 2014 wakaileta Tanzania na Vodacom kwa jina la M-Pawa, 2016 Uganda na MTN kwa jina la MoKash, ikaenda Rwanda, ikaenda mpaka Ivory Coast. Januari 2019 ikaja Fuliza, ile inayokuruhusu kulipa kwa M-Pesa hata salio likiwa halitoshi, hapo CBA akiwa pamoja na KCB, benki nyingine kubwa ya Kenya. NIC hakuwa na kitu kama hicho, ila alikuwa na mikopo ya magari na mashine, wateja wa biashara za kati, na ile nafasi ya sokoni ambayo CBA angeitafuta mwenyewe ingemchukua muda na gharama. Huyu ana simu yule ana lori.

Benki Kuu ya Kenya ikaidhinisha mwisho wa Septemba 2019, na tarehe 1 Oktoba mlango ukafunguliwa kwa jina la NCBA, ikawa ya tatu Kenya kwa ukubwa wa mali, nyuma ya KCB na Equity.

Kwa nini 2019 na sio kabla? Huku kwetu watu walisema ni siasa tu juu mwenye bank alikuwa pia ndio mwenye serikali. – Mfanyabiashara wa nafaka, Nakuru

Siasa ilikuwepo, tusidanganyane, lakini ukiiweka yenyewe tu utakosa nusu ya stori.

Rudi nyuma 2015. Agosti Dubai Bank inafungwa, Oktoba Imperial Bank inafungwa baada ya kugundulika wizi wa ndani wa miaka, Aprili 2016 Chase Bank nayo chini. Tatu ndani ya miezi tisa! Watu wakaanza kuhamisha hela kutoka benki ndogo kwenda kubwa, hata benki ndogo ambazo hazina kosa lolote zikapata homa. Gavana wa wakati huo, Patrick Njoroge, Novemba 2015 akasimamisha leseni mpya kabisa, maana yake anayetaka benki Kenya anunue iliyopo au aungane na iliyopo. Hilo katazo lilikaa karibu miaka kumi, limeondolewa Julai 2025. NIC yenyewe iliingizwa kwenye lile sakata la Imperial, ilipewa kazi ya kulipa wateja waliokwama, ingawa sehemu ya mali na madeni yake baadaye ilichukuliwa na KCB.

Halafu Septemba 2016 ikaingia sheria ya kufunga riba, benki haitozi zaidi ya pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu. Mkopaji ulifurahi, nakuelewa, hata mimi ningefurahi, ila benki za kati zikabanwa kwa sababu faida kwa kila mkopo imepungua na gharama za mifumo, walinzi na majengo ziko palepale, kwa hiyo dawa ikawa ni kuwa mkubwa ili hizo gharama zigawanywe kwa wateja wengi. (Ile ada ya M-Shwari haikuguswa, eti ni ada, sio riba. Hapo kila mtu aamue mwenyewe.) Sheria ikafutwa Novemba 2019, mwezi mmoja tu baada ya NCBA kufungua. Na mwaka huohuo KCB naye kaichukua National Bank of Kenya, kwa hisa pia, hisa moja ya KCB kwa kumi za NBK. Upepo ulikuwa wa wote.

Sasa siasa. Uhuru Kenyatta ndo alikuwa rais, na familia yake ilikuwa miongoni mwa wenye hisa wakubwa wa CBA. Hiyo haikufichwa. Kilichowasha moto ni pale Waziri wa Fedha, Henry Rotich, alipousamehe muungano huo ushuru wa stempu, ile kodi ya kuhamisha mali na hisa, wa zaidi ya shilingi milioni 300. Serikali ilikuwa na maelezo yake na watu wakayapinga mpaka mahakamani. Maoni yangu, na ni yangu tu: muungano wenyewe ungetokea hata kama rais angekuwa mwingine, maana hesabu zilikuwa zinausukuma, lakini msamaha wa kodi kwenye dili lenye familia ya rais ndani yake ni kitu ambacho mtu mwenye busara angekwepa hata kama sheria inaruhusu. Wafanyabiashara wa nafaka hamjawahi kusamehewa stempu nijuavyo mimi.

Mimi ni mama lishe nina akaunti benki moja na mkopo benki nyingine (sizitaji). Nimesikia fununu zinataka kuungana. Je hela yangu itakuwa salama? Na mkopo si utafutika, maana aliyenikopesha hatakuwepo? – Mama lishe, Temeke

Dada yangu hiyo ya mwisho umenichekesha, wangekuwa wanafutiwa hivyo mimi ningekuwa wa kwanza kuomba mabenki yaungane kila Ijumaa.

Mkopo haufutiki. Unahama na mkataba wake, riba uliyosaini inabaki ileile, muda uleule, dhamana ileile. Kama ni hati ya nyumba au kadi ya bajaji iliyoshikwa, inashikwa na benki mpya. Hawaruhusiwi kukuamsha asubuhi wakasema kuanzia leo riba yetu ni nyingine, labda mkataba wenyewe una kipengele cha riba kupanda na kushuka, na hicho kilikuwepo tangu mwanzo, kautafute mkataba wako uusome tena pale kwenye maandishi madogo. Jambo moja la kuangalia kwa upande wako: akiba yako na deni lako vilikuwa nyumba mbili tofauti, sasa vitakuwa nyumba moja. Mikataba mingi inairuhusu benki kukata deni lililochelewa kutoka kwenye akaunti yako nyingine iliyo hapohapo. Zamani ungechelewa rejesho wasingeiona akiba yako. Sasa wanaiona.

Hela yako ni salama kwa maana ya kwamba benki mpya inarithi deni la kukulipa. Kuungana kwa hiari si kufilisika. Ila kuna kitu cha kinga ya amana. Tanzania Bodi ya Bima ya Amana inakulinda mpaka shilingi milioni 7.5 kama benki ikianguka (zamani ilikuwa milioni 1.5 tu, ilipandishwa 2023), Kenya ni shilingi 500,000 tangu Julai 2020, Uganda milioni 10 za kwao. Hiyo kinga ni kwa mteja kwa kila benki. Kwa hiyo mtu aliyekuwa ameweka milioni 7 huku na milioni 7 kule alikuwa analindwa zote, zikiungana anabaki na kinga moja ya 7.5. Kama biashara ya chakula imekubali ukafika huko, hongera kwanza, halafu fikiria kufungua akaunti sehemu ya tatu.

Kero halisi ni hizi ndogondogo. Namba ya akaunti inaweza kubadilika, kadi itabadilishwa, vitabu vya hundi vya zamani vina tarehe ya mwisho, apu ya zamani inazimwa, wakala uliyemzoea pale kona hana tena mashine. Mtu anayekulipa kwa namba ya zamani umpe mpya mapema. Na matawi: yakiwa mawili mtaa mmoja, moja litafungwa, hata NCBA ilifunga yaliyokaribiana kabla ya kuanza tena kufungua mengine. Matapeli nao wanapenda sana kipindi hiki, utapigiwa simu "mama tunahamisha akaunti yako, tutajie namba ya siri". Hakuna benki inayouliza namba ya siri, iwe inaungana, inaachana au inaolewa. Kata simu.

Na huku kwetu? NCBA ya Kigali ilikuwa CBA au NIC? – Kigali

CBA. NIC hakuwa Rwanda. CBA alianza na mikopo ya simu, halafu 2018 akanunua Crane Bank Rwanda, ile ambayo mama yake Crane Bank ya Uganda ilikuwa imeshaanguka na kuchukuliwa na dfcu, benki nyingine ya huko Uganda. Baada ya muungano wa Nairobi ikabadilishwa jina tu. Uganda na Tanzania ndo ilibidi kuunganisha kweli, kwa sababu kote kulikuwa na benki mbili mbili: Kampala CBA na NC Bank, Dar CBA na NIC, zote zikakamilisha 2020, katikati ya korona, na kila nchi na benki kuu yake na ruhusa yake. Watu wanadhani wakisaini Nairobi imeisha. Haijaisha.

Tanzania sisi tunajua kuunganisha tangu 1967, mbona NBC haikudumu? Na hii TCB ilitoka wapi, niliweka hela Twiga leo naambiwa mimi ni mteja wa TCB. – Mkulima wa zabibu, Dodoma

NBC ilidumu bwana, miaka thelathini si haba. Shida ni kwamba ilikuwa yenyewe karibu kila kitu, na mikopo ilikuwa inakwenda kwa mashirika ya umma ambayo hayarudishi. 1997 ikagawanywa, upande mmoja NBC mpya, upande mwingine NMB ikabeba matawi mengi ya mikoani, na kampuni ya kushika mali zilizobaki. Mwaka 2000 Absa ya Afrika Kusini ikachukua asilimia 55 ya NBC. Tuliunganisha kwa amri na tukatenganisha kwa amri, na ukipita wilayani leo bado unaona matunda ya ule mgawanyo, ofisi ya NMB ipo mahali ambapo benki nyingine haijawahi kuleta hata bango.

Twiga Bancorp, Benki Kuu iliichukua Oktoba 2016 kwa sababu mtaji umeisha, na 2018 ikaingizwa Benki ya Posta, TPB. Mwaka huohuo Benki ya Wanawake nayo ikaingizwa humohumo, 2020 ikafuata TIB Corporate, na 2021 TPB ikabadilisha jina kuwa TCB, yaani Tanzania Commercial Bank. Kwa hiyo wewe hujahama, umehamishwa mara mbili ukiwa umekaa. Kama hujaenda kusasisha taarifa zako nenda na kitambulisho cha NIDA na kile kitabu cha zamani.

Je, zitaungana nyingine? Niko SACCO tunataka kuweka hela benki ndogo ya Nairobi inatoa riba poa. – Mweka hazina, Thika

Kenya, ndiyo, sina shaka. Sheria iliyobadilishwa mwisho wa 2024 inapandisha mtaji wa chini wa benki kutoka shilingi bilioni 1 mpaka bilioni 10 ifikapo 2029, kwa ngazi: bilioni 3 mwisho wa 2025, kisha 5, 6, 8, halafu 10. Uganda walishapandisha kwao mpaka bilioni 150 za kule, na benki kadhaa zikaamua kushuka daraja kuliko kutafuta mtaji. Benki ndogo ya Nairobi ina njia tatu tu, wenyewe waongeze hela, watafute mwekezaji, au waungane. Kabla hamjapeleka hela za wanachama, chukua taarifa ya fedha ya robo mwaka ya hiyo benki, lazima iichapishe, tafuta mstari wa mtaji wa msingi (hela ya wenye benki wenyewe, si amana za wateja) ulinganishe na ngazi za hapo juu. Riba poa wakati mwingine ni kwa sababu wana njaa ya amana. Na mkumbuke kinga ni 500,000 kwa SACCO nzima kama akaunti ni moja ya jina la SACCO, sio 500,000 kwa kila mwanachama.

Baba yetu alifariki, kwenye sanduku tumepata cheti cha karatasi cha hisa za NIC za zamani sana. Ni takataka ama? – Nairobi

Pole sana kwa msiba. Usitupe hiyo karatasi!

Hisa za NIC hazikufa, ziligeuka hisa za NCBA zenyewe, hisa moja ya NIC ikawa hisa moja ya NCBA. Na 2020 NCBA ilitoa hisa za nyongeza, moja kwa kila kumi, kwa hiyo kama cheti kinasema 1,000 na hakuna aliyeuza, leo zinapaswa kuwa 1,100, na kama ni za zamani sana huenda kulikuwa na nyongeza nyingine hapo kati, msajili wa hisa wa NCBA ndo ana kitabu chenye jina la mzee. Gawio ambalo halikuchukuliwa miaka mitatu, kisheria linapelekwa kwenye Mamlaka ya Mali Zisizodaiwa, UFAA, na mkiwa na nyaraka mnalidai bila kulipa mtu yeyote, akitokea wakala anataka asilimia kumi ya "kufuatilia" mwambie asante. Mtahitaji cheti cha kifo, hicho cha hisa, vitambulisho vyenu, akaunti ya CDS (ile ya kielektroniki ya kutunzia hisa) ya kupokelea hizo hisa, na hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Hiyo ya mahakama muianze kesho, ndo inayochukua muda, na bila hiyo dirishani watawapokea vizuri, watawapa kiti, halafu watawarudisha nyumbani.